Mnyaa, panzi na pipa la saa nane usiku

Mara ya mwisho kunyesha mvua hapa kwetu, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ilikuwa mwezi wa nne. Sasa Oktoba inakatika. Kuanzia saa nne asubuhi upepo unazungusha vumbi uwanjani, na ukitazama eneo lote la shule, vilivyobaki kijani ni vitu viwili tu: mpapai mmoja karibu na bomba, ambao tunaumwagilia maji tuliyonawia mikono, na ua wa minyaa unaotutenganisha na barabara. Mpapai una watu wa kuuhudumia. Minyaa haina mtu.

Jumanne iliyopita niliwatoa Kidato cha Pili nje kwa somo la ubadilishanaji wa gesi. Nilikuwa na mfuko angavu wa mkate na kipande cha uzi. Saa tatu asubuhi tukalivika mfuko jani moja la mpapai, tukafunga uzi kwenye kikonyo, tukarudi darasani. Saa saba mchana mfuko ulikuwa umejaa ukungu kwa ndani, na maji yametuama kwenye pembe ya chini. Tukayamimina kwenye kizibo cha chupa ya soda. Kikajaa, na mengine yakamwagika.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi kitu kwa sababu somo linafundishwa kwa Kiingereza na Kiingereza kinamkaba, alisema kwa Kiswahili kilichonyooka: "Madam, sasa huu mpapai una akili gani? Sisi tunauchotea maji kwa ndoo, wenyewe unayatupa nje."

Wenzake wakacheka. Mimi nilimshukuru, maana nimefundisha baiolojia miaka kumi na miwili na sikumbuki kuulizwa swali zuri kama hilo. Kengele ikalia kabla sijamjibu sawasawa. Nilimwahidi jibu kamili, na nimeona niliandike hapa, kwa lugha yake.

Mpapai hauyatupi maji. Unayalipa. Jani linatengeneza sukari kwa hewa ukaa, na hewa ukaa haiwezi kupita kwenye ukuta mkavu uliozibwa. Lazima pawe na mlango, na nyuma ya mlango pawe na sehemu yenye unyevu ambapo gesi itayeyuka na kuingia kwenye seli. Tatizo ni kwamba hewa ukaa ni adimu mno. Katika kila sehemu milioni moja za hewa tunayovuta leo, hewa ukaa ni kama 420 hivi. Ukipima punje 10,000 za mchele, punje nne ndizo hewa ukaa. Jani linaacha mlango wazi likisubiri hizo punje nne, na wakati huohuo ndani mwake hewa imejaa mvuke hadi pomoni huku nje kukiwa ni ukavu wa Oktoba ya Dodoma. Msukumo wa mvuke kwenda nje ni mkubwa kama mara 50 kuliko msukumo wa hewa ukaa kuingia. Juu ya hapo molekuli ya maji ni nyepesi, inasambaa haraka kuliko ya hewa ukaa kwa takriban mara 1.6.

Hesabu yake inatisha. Kwa mimea ya kawaida kama maharage, mpunga na huo mpapai wetu, molekuli moja ya hewa ukaa inayonaswa hugharimu takriban molekuli 400 za maji. Katika maji yote ambayo mizizi inanyonya ardhini, zaidi ya asilimia 97 huishia angani kama mvuke. Kinachobaki ndicho kinachojenga mmea. Kwa hiyo kijana wangu aliona sawasawa: ndoo tunayomwaga chini ya mpapai karibu yote inapita tu.

Milango yenyewe tuliiangalia Jumatano. Shule ina hadubini moja, na kioo chake cha kuakisi mwanga kimeungwa kwa gundi, lakini inaona. Unapaka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani la mharage, unaiacha ikauke, unabandua kwa selotepu, unabandika kwenye kioo. Alama ya ngozi ya jani inatoka nzima. Wanafunzi walipanga foleni hadi nje ya mlango. Neno stoma kwa Kigiriki ni mdomo, na kwa kweli hivyo ndivyo zinavyoonekana: midomo mingi midogo, mingine imefumba, mingine imeachama.

Kila mdomo una seli linzi mbili. Potasiamu inapoingizwa ndani ya seli hizo, maji huifuata, zinavimba, na kwa kuwa ukuta wa upande wa ndani ni mgumu kuliko wa nje, zinapinda kama vitumba viwili vya maharage na kuacha upenyo katikati. Potasiamu ikitolewa, maji hutoka nayo, seli zinalegea, upenyo unafungwa. Ardhi ikikauka, mmea hutengeneza asidi abisisiki, nayo ndiyo inayoziamuru seli linzi zifunge. Hakuna ubongo hapo. Ni chumvi na maji, na inafanya kazi kila siku katika mamilioni ya midomo ya mpapai mmoja.

Sasa, kufunga ni rahisi. Shida ni njaa. Ukifunga mlango wa maji umefunga na mlango wa chakula. Kila mkulima wa hapa ameona mahindi ya Februari mvua inapokatika katikati ya msimu: yapo hai, majani yamejisokota kama sigara, lakini wiki nzima hayaongezeki hata kidole. Yamefunga. Yanaishi kwa akiba. Jua likiendelea, akiba inakwisha.

Mtama una ujanja zaidi, na Wagogo walijua hivyo zamani sana. Ndiyo maana mtama na uwele ndivyo vilivyolisha Ugogo muda mrefu, nchi ambayo mwaka mzuri hupata milimita 600 hivi za mvua, zote katika miezi michache kati ya Desemba na Aprili. Pitisha kidole kwenye shina la mtama unaokaribia kuchanua, kitatoka na unga mweupe. Ile ni nta. Mtama unajipaka nta ili maji yasipite ngozini, yapite mlangoni tu ambako unaweza kuyadhibiti. Halafu ndani ya jani una pampu: unaikusanya hewa ukaa na kuirundika kwenye seli maalumu zinazozunguka mishipa, ili upenyo mdogo utoshe kuleta chakula kingi. Kwa njia hiyo bei inashuka hadi karibu molekuli 150 za maji. Mahindi nayo yana pampu hiyohiyo, na watu huniuliza kwa nini basi yanashindwa Dodoma. Mahindi yakikutwa na ukame wakati wa kutoa hariri, zile nywele za gunzi, punje hazipatikani tena. Mtama unaweza kusimama, ukasubiri, mvua ikirudi ukaendelea.

Lakini kitu ninachotaka hasa kumwonyesha kijana wangu ni mnyaa.

Mtaani kwetu maji ni ya mgao. Yanakuja usiku, na siku yakija huja saa saba au saa nane, kwa presha ya kunung'unika. Nimelala miaka yote hii kwa sikio moja. Nikisikia bomba linakohoa naamka, naweka mpira kwenye pipa, na jirani yangu naye ninamsikia upande wa pili akiburuta ndoo zake. Kufikia saa kumi na moja alfajiri bomba limekauka. Mchana kutwa hatuligusi. Tunapika, tunafua na kuoga kwa pipa.

Mnyaa unaishi hivyohivyo. Majani yake ni vijipande vidogo vinavyodondoka mapema. Kazi ya usanisinuru, yaani kutengeneza sukari kwa mwanga, inafanywa na yale matawi ya kijani mviringo kama penseli. Mchana midomo ya matawi hayo imefungwa. Usiku, jua limezama, hewa imepoa na ukavu umepungua, ndipo inafunguka. Hewa ukaa inaingia gizani. Lakini usanisinuru unahitaji mwanga, na gizani hauwezekani, kwa hiyo mmea unaigeuza hewa ukaa kuwa asidi ya maliki na kuihifadhi kwenye kifuko kikubwa cha ndani ya seli kiitwacho vakuoli. Hilo ndilo pipa. Kukipambazuka unafunga midomo yote, unaanza kuchota asidi kutoka kwenye pipa, unaitoa ile hewa ukaa humo ndani kwa ndani, na unapika sukari mchana kutwa bila kufungua mlango. Bei yake ni takriban molekuli 50 za maji, mahali ambapo mpapai unalipa 400.

Mmoja wa watu wa mwanzo kuandika dalili za jambo hili alitumia ulimi wake. Benjamin Heyne, akiwa India, aliandika barua iliyochapishwa mwaka 1815, akieleza kwamba majani ya mmea fulani wa bustani yalikuwa na ukali wa asidi asubuhi, mchana yakawa hayana ladha, na jioni yakawa machungu kidogo. Mmea huo hata hapa kwetu upo, ule wenye majani manene ambao ukilaza jani lake chini huchipua vimche kwenye kingo. Ni wa ukoo wa Crassulaceae, na ndiyo sababu wanasayansi huiita njia hii CAM, herufi ya C ikisimama kwa jina la ukoo huo. Mimi siwaruhusu wanafunzi kuonja, kwa sababu mmea huo una sumu ya moyo na umeshaua mifugo. Tunatwanga jani la alfajiri na jani la saa kumi na moja jioni, kila moja kwenye kinu chake, tunachovya karatasi ya kupimia asidi. Karatasi ya asubuhi inakwenda kwenye wekundu, ya jioni inabaki njano. Mnyaa wenyewe siutwangi hata kidogo, utomvu wake ukikuingia machoni unaweza kukupofua.

Hapa lazima nimtaje babu. Mimi nimezaliwa Korogwe, kwenye kambi ya shamba la mkonge. Babu yangu alikuja huko akiwa kijana kutoka Songea, manamba, mtu wa kandarasi, akakata mkonge hadi mgongo ukakataa kunyooka. Nikiwa na miaka tisa au kumi, kiangazi cha Februari nyasi zote zimekuwa rangi ya karatasi, nilimuuliza kwa nini mkonge haufi. Akaniambia mkonge unakula usiku. Nilidhani ni hadithi ya kunitisha nisitoke nje. Miaka mingi baadaye, chuoni, mhadhiri alipochora mchoro wa CAM ubaoni na kuandika jina la jamii ya mkonge katika mifano, niliacha kunakili nikakaa tu. Sijui babu aliona nini. Pengine wakataji waliowahi kutafuna kipande cha jani asubuhi na jioni walijua tofauti. Pengine ilikuwa maneno ya wazee tu. Alishafariki, sikuwahi kumuuliza tena, na hilo bado linaniuma.

Mkonge wenyewe si mwenyeji. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipita Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana na hiyo mashamba yakaenea Tanga, Korogwe hadi Morogoro. Nikifikiria maelfu ya watu kama babu waliotembea mamia ya kilomita kwa sababu ya miche 62 inayopumua usiku, kichwa kinanizunguka.

Basi, mimea niiache hapo. Alhamisi tulikamata panzi.

Panzi hana mapafu, na damu yake haibebi oksijeni. Ubavuni ana matundu, jozi kumi: mbili kifuani na nane tumboni. Kwa kioo cha kukuzia yanaonekana vizuri, kama vishimo vya sindano vilivyopangwa mstari. Kila tundu linaingia kwenye mrija, mrija unagawanyika na kugawanyika tena hadi unakuwa mwembamba mno na kuigusa kila seli. Hewa inapelekwa mlangoni kwa kila mwenye nyumba. Binti mmoja akauliza kama tukizamisha kichwa cha panzi majini atakufa. Tukajaribu. Kichwa kikakaa ndani ya maji dakika kadhaa, tumbo likaendelea kutweta nje, panzi akatoka mzima, tukamwachia.

Ncha za ile mirija zina unyevu, kwa sababu ileile kama ndani ya jani. Kwa hiyo panzi ana deni lilelile la mpapai, na mwili wake mdogo unafanya deni liwe zito zaidi. Kadiri kiumbe anavyokuwa mdogo, ngozi yake inakuwa kubwa ukilinganisha na maji aliyobeba ndani. Mpapai ukipoteza kizibo cha maji hautikisiki. Panzi akipoteza tone moja, ni sehemu kubwa ya mwili wake.

Ulinzi wake wa kwanza ni nta, sawasawa na mtama. Bibi yangu, mke wa huyo babu, alikuwa akihifadhi maharage ya mbegu kwa kuyachanganya na majivu ya jikoni yaliyochekechwa. Fukusi hawakuyamaliza. Nilipokuwa mdogo nilidhani majivu yanawawasha. Majivu yanafanya kazi kwa njia zaidi ya moja, yanaziba nafasi kati ya punje ili mdudu asipite, lakini pia chembe zake zinakwangua na kunyonya ile nta, na mdudu anakauka. Vincent Wigglesworth wa Uingereza alichapisha mwaka 1945 majaribio yanayoonyesha jambo hilo: mdudu akitambaa juu ya vumbi linalokwaruza, maji yake yanaanza kutoka kupitia ngozi. Kabla yake, mwaka 1935, Ramsay alikuwa ameshaona kwamba mende akipashwa joto kupita karibu nyuzi 30 za Selsiasi, upotevu wa maji unapanda ghafla, kwa sababu nta inalegea. Nyuzi 30 kwetu ni saa tano asubuhi. 

Ulinzi wa pili ni milango yenye vali. Mwaka 1934 Kenneth Mellanby aliwaweka wadudu kwenye hewa iliyoongezwa hewa ukaa kidogo, kiasi cha kuyalazimisha matundu yabaki wazi muda wote. Maji yakawatoka kwa kasi. Jaribio rahisi, na linasema yote: panzi aliye hai pale kwenye minyaa yuko hai kwa sababu matundu yake kwa sehemu kubwa ya muda yamefungwa.

Mdudu ninayempenda zaidi katika hadithi hii, na najua nitashangaza watu, ni mbung'o. Shinyanga ilikuwa kituo kikubwa cha utafiti wa mbung'o zama za Tanganyika, na mmoja wa waliochunguza maji ya mwili wa mdudu huyu ni E. Bursell, aliyechapisha kazi yake kuhusu matundu ya pumzi ya mbung'o mwaka 1957. Mbung'o hanywi maji. Anakula damu tu, na kati ya mlo na mlo anakaa siku kadhaa kwenye pori la kiangazi akiwa na kile alichobeba. Bursell alionyesha kwamba katika hewa kavu mbung'o huyabana matundu yake zaidi kuliko katika hewa yenye unyevu. Halafu mwaka 1962 Edney na Barrass wakaonyesha upande wa pili: joto likizidi sana, likikaribia kumuua, mbung'o anayafungua matundu kwa makusudi, maji yanavukizwa, na mwili unapoa kwa digrii moja na kitu. Nilipolisoma hilo nilifikiria jani la mpapai, ambalo nalo linapoozwa na maji linayoyatoa. Kuna saa ambapo kutoa maji ndiko kunakookoa maisha, hata pakiwa pakavu.

Sasa nirudi kwenye pipa, maana wadudu nao wanalo.

Katika miaka ya 1950, watafiti wa Marekani waliokuwa wakichunguza buu waliolala (hatua ya pupa, kabla ya kuota mabawa) wa nondo mkubwa wa hariri, Hyalophora cecropia, waliona kitu cha ajabu. Mdudu alikuwa akiendelea kutumia oksijeni kidogokidogo, lakini hewa ukaa haikutoka. Ilikaa saa nyingi haitoki, kisha ikatoka yote kwa mkupuo mmoja, halafu kimya tena. Siri ni kwamba hewa ukaa inayeyuka vizuri kwenye majimaji ya mwili, oksijeni haiyeyuki hivyo. Buu anafunga matundu, anatumia oksijeni iliyo kwenye mirija, na hewa ukaa anayoitengeneza anaiyeyusha kwenye damu. Kwa kuwa gesi inapungua ndani ya mirija, presha inashuka kidogo chini ya ile ya nje. Baadaye matundu yanaanza kupepesa, yanafunguka nukta na kufunga, na hewa ya nje inavutwa kuingia. Mvuke unaotaka kutoka unakutana na upepo unaoingia. Mwisho pipa linajaa, matundu yanaachama, hewa ukaa inamwagwa yote, mlango unafungwa upya.

Hapo ndipo niliposimama Ijumaa jioni nikiwa nasahihisha madaftari. Mnyaa na buu wa nondo hawana undugu wowote wa karibu, na mmoja anaingiza hewa ukaa wakati mwingine anaitoa. Lakini wote wawili wameitunza hewa hiyohiyo ndani ya majimaji ili wapate uhuru wa kuchagua saa ya kufungua. Kufunga mlango peke yake kungewaua, huyu kwa njaa na yule kwa kukosa pumzi. Pipa ndilo linalofanya mlango uweze kufungwa.

Ni haki niseme kwamba wataalamu bado wanabishana kuhusu wadudu. Mwaka 2005 Hetz na Bradley walitoa hoja kwamba kufunga huko kunamlinda mdudu aliyepumzika dhidi ya oksijeni yenyewe, ambayo ikizidi inaharibu seli. Wengine wanakumbusha kwamba kwa wadudu wengi waliotulia, maji yanayopita ngozini ni mengi kuliko yanayopita matunduni, hivyo faida ya kufunga ni ndogo kuliko tunavyodhani. Kwa upande mwingine, utafiti wa mende uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mende wanaopumua kwa vipindi waliishi muda mrefu zaidi waliponyimwa chakula na maji. Mimi naegemea upande wa maji, labda kwa sababu ya mahali ninapoishi. Lakini sioni kwa nini desturi moja isiwe na faida mbili; pipa langu la usiku linanipa maji ya kupikia, na linaniepusha pia na foleni ya kisimani.

Kuna njia moja zaidi, nayo ni ukumbi. Ule mti wa maua ya rangi ya waridi unaopandwa sana nyumba za mjini, oleanda, wenye sumu kali, umeiweka midomo ya majani yake ndani ya vishimo, na kwenye vishimo kuna vinyweleo. Upepo unapita juu, ndani unyevu unabaki. Mbawakawa weusi wa nchi kavu, wale wanaotembea kwa miguu hata mchana na hawaruki kabisa, wamefanya vilevile kwa mgongo: mabawa magumu ya juu yameungana yakawa paa, na matundu ya tumboni yanapumulia kwenye chumba kilicho chini ya paa hilo. Hewa kavu ya nje haiwagusi moja kwa moja.

Jumamosi usiku bomba lilikohoa saa nane kasorobo. Nikaweka mpira kwenye pipa, nikachukua tochi, nikavuka barabara hadi kwenye ua wa shule, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimefunga mifuko miwili ya mkate kwenye matawi ya mnyaa: mmoja uliofungwa asubuhi na kuachwa kutwa, mwingine uliofungwa saa moja magharibi. Mfuko wa mchana nilikuwa nimeshaufungua kabla ya jua kuzama, ulikuwa mkavu, una ukungu hafifu kwenye kona moja. Wa usiku ulikuwa na ukungu mwembamba pande zote, haukutosha kutengeneza hata tone moja la kumimina kwenye kizibo. Nikazima tochi. Mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Kesho Jumatatu nitamkabidhi kijana wa dawati la nyuma mifuko yote mitatu, pamoja na ule wa mpapai, aipange mezani awaeleze wenzake kwa lugha yoyote anayotaka. Yule binti wa panzi naye ana lake. Ameuliza panzi tumfunge mfuko gani, na nimepata jibu kwenye kabati la maabara: karatasi sita za kloridi ya kobalti zilizosalia, zile ambazo zikiwa kavu ni bluu na zikipata unyevu zinakuwa waridi. Tatu tutamwekea panzi kwenye chupa kavu. Tatu zitakwenda kwa mnyaa.